Rivyu ya mama lishe wa Buguruni: wali maharage, mchicha na dagaa, chakula cha dada zangu wote

Wadada habari zenu. Naona watu wengi wanaandika rivyu za migahawa mikubwa ya Masaki na Mikocheni, na ni sawa kabisa, ila leo naomba niwaletee mama lishe wa huku kwetu Buguruni, hapa jirani na soko, anayeuza sahani kuanzia elfu mbili mpaka elfu tatu na mia tano, na kwa mtazamo wangu ndo chakula bora cha mwanamke ninachokijua hapa Dar. Mimi nina cherehani yangu mtaa wa pili, mchana nakula kwake karibu kila siku, kwaiyo ninachoandika hapa nakijua kwa kukila na kwa kukaa jikoni kwake kupiga stori wakati anapika. Jina lake siandiki, hajaniruhusu, lakini mtu wa Buguruni akisoma mpaka mwisho atajua namuongelea nani.

Sehemu yenyewe ni ya kawaida. Turubai juu, mabenchi, meza mbili ndefu zenye vitambaa vya plastiki, majiko ya mkaa upande wa nyuma. Mlangoni kuna ndoo ya bomba na sabuni ya maji na haikauki, hilo nimeliangalia sana kwa sababu kuna sehemu ndoo ipo kama pambo tu. Vyombo vinaoshwa kwenye beseni la sabuni, vinasuuzwa kwenye maji safi mara mbili na vinaanikwa kwenye chanja juani, havifutwi na kitambaa kimoja kutwa nzima. Unafika, shikamoo mama, marahaba mwanangu, leo unakula nini, bas umeshakuwa mtoto wa nyumbani.

Sahani ninayoisifia ni ile ya wali maharage, mchicha na dagaa, na kipande cha ndimu pembeni. Naanza na maharage. Anachambua usiku, anaosha, analoweka kwenye ndoo yenye mfuniko mpaka asubuhi, yale maji ya kulowekea anamwaga, anapikia maji mapya. Mimi mwanzoni nilijua anafanya hivyo kuokoa mkaa, na kweli mkaa unaokoa sana, gunia la mkaa saivi sio mchezo, lakini kuna faida nyingine kubwa kwetu. Maharage na nafaka zina kitu kinaitwa phaiteti, hicho kinashikilia madini ya chuma na zinki yasinyonywe mwilini, ukiloweka na kumwaga maji unakipunguza. Na tumbo halijai gesi, hilo kila mtu analijua. Nazi anaweka mwishoni, tui zito, haliachi likatike, na magadi haweki kabisa. Naomba mlisikie hilo la magadi kwa sababu wengi tunatia ili yaive haraka na mboga ibaki na rangi ya kijani, ila magadi yanaua vitamini, hasa vitamini C na B1, unabaki na mboga nzuri ya kuangalia tu.

Maharage yakiiva, kikombe kimoja kina madini ya chuma kama miligramu 4 na folate ambayo ni zaidi ya nusu ya ile anayohitaji mwanamke kwa siku, maana tunahitaji mikrogramu 400. Folate ndo hiyo hiyo foliki asidi tunayopewa kliniki. Kwanini tunakazaniwa hivyo? Kwa sababu uti wa mgongo na ubongo wa mtoto vinaanza kujifunga ndani ya wiki nne za kwanza baada ya mimba kutunga, yani kipindi ambacho wengi hata hatujajua kama tuna mimba, tunasema tu hedhi imechelewa siku mbili tatu. Ukisubiri mpaka ukaanze kliniki mwezi wa nne ile kazi ya mwanzo imeshapita. Ndo maana inashauriwa mwanamke anayetarajia kubeba mimba aanze vidonge vya foliki asidi kabla, na maharage, mboga za majani, parachichi na machungwa viwe sahani ya kila siku, sio ya siku ambayo nyama imekosekana.

Sasa mchicha. Hapa huyu mama ananifurahisha kupita kiasi. Mchicha unakuja asubuhi mbichi, una matone ya maji bado, anachambua mashina magumu, anauosha ukiwa mzima kwenye mabeseni matatu mpaka maji ya mwisho yanakuwa hayana mchanga, NDIPO anakata. Wengi wetu tunakata kwanza halafu tunaosha, vitamini zinaondoka na maji tunamwaga. Kitunguu, nyanya, mafuta kidogo, karanga za kusaga siku akiwa nazo, mchicha unaingia, anageuza, dakika chache umelegea anatoa. Hachemshi na kukamua yale maji. Na yale mafuta na karanga sio ya ladha peke yake, vitamini A ya kwenye mboga inahitaji mafuta kidogo ndo mwili uichukue. Gramu 100 za mchicha uliopikwa zina kalsiamu kama miligramu 200, chuma miligramu 2 na kitu, na vitamini C ambayo haijauawa na moto ukiupika haraka.

Kwenye karanga nimsifie zaidi. Nilimkuta mchana mmoja ameweka ungo mapajani, anachagua karanga moja moja, zilizosinyaa anatoa, zenye rangi ya ajabu anatoa, zenye ukungu anatoa, na hawapi kuku, anatupa. Nikamuuliza mama si unapoteza hela? Akaniambia, "Mwanangu, sumu haina bei." Anaongelea sumukuvu, ile sumu inayoletwa na ukungu. Mnakumbuka mwaka 2016 Dodoma na Manyara, watu waliugua na wengine wakafariki kwa mahindi yenye sumukuvu, na ile sumu kuipika haiiondoi. Karanga na mahindi ndo vinaongoza kwa hiyo kitu. Kwaiyo dada zangu mnaonunua unga wa lishe wenye nafaka kumi na karanga humo humo, umesagwa, umewekwa kwenye mfuko haujulikani umekaa miezi mingapi, jiulizeni karanga zilichaguliwa na nani. Unga ukishasagwa huwezi kuona kitu. Nunua karanga zako nzima, chagua mwenyewe, saga kidogo kidogo.

Dagaa. Anatumia wa Mwanza, siku nyingine wa Kigoma ila wale bei iko juu kwaiyo sahani inaongezeka mia tano. Shida ya dagaa kila mtu anaijua, mchanga, maana sehemu nyingi bado wanaanikwa chini. Kwake sijawahi kutafuna mchanga. Anawaosha na maji ya uvuguvugu mara kadhaa, anawachuja, anawakaanga kidogo wakauke, halafu rosti ya nyanya, kitunguu, karoti, hoho, na bilinganya akiwa nayo. Hatoi vichwa. Wapo wateja wanalalamika uchungu, ila anawaelewesha, na mimi nakubaliana nae, dagaa faida yake iko hapo kwamba unamla mzima na mifupa yake, ndo kalsiamu yenyewe hiyo, minofu peke yake ina kidogo tu. Halafu kuna kitu kingine ambacho watu hawakijui: ukila samaki au nyama hata kidogo pamoja na maharage na mboga, ile nyama inasaidia mwili kunyonya na chuma cha kwenye maharage. Chuma cha kwenye mimea kinanyonywa kwa shida, cha kwenye nyama na samaki kinanyonywa vizuri zaidi, na vikikaa sahani moja vinasaidiana. Yani kijiko kimoja cha dagaa juu ya maharage kinafanya kazi kubwa kuliko ukubwa wake.

Na ndimu. Anakata kipande anakuwekea pembeni bila kuombwa, na mwenyewe anasisitiza kamulia hapo hapo juu ya maharage na mchicha. Vitamini C inafanya chuma cha kwenye mimea kinyonywe zaidi. Ndimu ya mia, na ina kazi kubwa kuliko makopo mengi ninayoyaona yanauzwa mitandaoni. Msimu wa machungwa anaweka chungwa, msimu wa embe anaweka embe, na ukimkuta siku ana juisi ya ubuyu mweupe ambayo haijachemshwa kunywa hiyo, ubuyu una vitamini C kuliko chungwa. Naongelea unga wenyewe wa ubuyu, sio ule mwekundu wa rangi na sukari ambao umepikwa, ule ni pipi, kula ukiupenda ila usiuhesabu kwenye vitamini.

Kitu kilichonifanya nimheshimu kabisa ni chai. Pale kwake ukiagiza wali na chai ya rangi kwa wakati mmoja hakuletei chai. Nilikuwepo siku dada mmoja mjamzito, mimba kubwa tu, amekaa anaomba chai ya kushushia wali maharage, mama akamwambia, "Kula kwanza mwanangu, chai ntakupa baadae, ukinywa saivi umekula bure." Yule dada akashangaa. Mama akakaa akamweleza taratibu kwamba alipokuwa na mimba ya mtoto wake wa mwisho damu ilishuka sana, nesi wa kliniki akamwambia aache chai na chakula, akae angalau lisaa limoja. Na ni kweli kabisa, chai na kahawa zina tanini, kikombe kimoja cha chai pamoja na mlo kinaweza kushusha unyonywaji wa chuma cha kwenye mimea kwa zaidi ya nusu. Sisi watu wa chai, asubuhi chai na chapati maharage, mchana chai, jioni chai, halafu tunashangaa kizunguzungu kinatoka wapi. Sikatazi chai jamani, mimi mwenyewe nakunywa, ni muda tu, isikae na chakula.

Kwanini nalipigia kelele sana hili la damu? Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 ulikuta asilimia 45 ya wanawake wa Tanzania wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na upungufu wa damu. Karibu nusu yetu! Ukiwa kwenye daladala ya Gongo la Mboto na wanawake ishirini, kwa hesabu hiyo tisa damu haitoshi na wengi hawajui, wanasema tu nachoka sana siku hizi, moyo unaenda mbio nikipanda ngazi, kucha zinavunjika, nimekuwa mvivu. Sio uvivu. Mwanamke mwenye hedhi anahitaji chuma miligramu 18 kwa siku, mwanaume 8 tu, mjamzito 27. Halafu nyumbani nani anapewa finyango kubwa? Baba. Nani anafuata? Watoto. Mama anafuta sufuria na mchuzi. Mwenye mahitaji makubwa kuliko wote ndo anakula mwisho, na kuna sehemu bado mjamzito anakatazwa mayai eti mtoto atazaliwa hana nywele. Inaniuma sana hii, kwa sababu haihitaji hela nyingi, inahitaji tu mtu agawe sahani vizuri.

Pale kwa mama huyu sahani zinagawiwa sawa. Mbeba mizigo wa sokoni na dada wa saluni wanapata dagaa wale wale.

Sasa niseme kuhusu hizi bidhaa za kuongeza damu maana ndo zinashindana na mama lishe wangu kwenye hela zetu. Mdogo wangu alipimwa kliniki wingi wa damu ukatoka 9 na kwa mjamzito ikishuka chini ya 11 ni upungufu, nyumba nzima ikaanza kumletea rozela, juisi ya bitiruti, na kuna mtu akamuuzia unga wa damu wa elfu thelathini na tano kwa WhatsApp. Rozela sio mbaya, bitiruti sio mbaya, bitiruti ina folate nzuri, ila chuma kwenye bitiruti ni kidogo, haifiki hata miligramu 1 kwenye gramu 100, na ule wekundu wake hauhusiani na damu kabisa. Elfu thelathini na tano ni sahani kumi na nne za wali maharage mchicha dagaa kwa bei ya kule Buguruni! Kilichomsaidia ni vidonge vya chuma na foliki asidi alivyopewa kliniki alivyokuwa anavificha kwenye droo kwa sababu vinamtia kichefuchefu, akaanza kumeza usiku baada ya kushauriana na nesi, akapewa na dawa ya minyoo, na chakula kikabadilika. Mjamzito chakula peke yake hakitoshi kumfikisha kwenye miligramu 27, vidonge meza, usidanganywe na mtu.

Na udongo. Naomba tuliongelee bila kuoneana aibu, ule udongo wa kula unaouzwa sokoni umepangwa kama biskuti, nje ya soko pale wapo wauzaji na wateja wao ni sisi. Hamu ya udongo mara nyingi inatembea pamoja na upungufu wa chuma, na udongo wenyewe unaweza kuzuia chuma kisinyonywe, kwaiyo unazunguka hapo hapo, una upungufu unakula udongo, unakula udongo upungufu unazidi. Mama lishe huyu hamgombezi mtu, akikuona unatafuna anakuuliza umepima damu lini, bas. Nenda kapime.

Ratiba yake siku nyingine iko hivi. Kuna siku ya ugali wa dona na mlenda au matembele, na dona anasaga mwenyewe mashineni, hakoboi mahindi mpaka yakabaki wanga mtupu. Kuna siku ya kisamvu cha nazi, hiki kinatwangwa vizuri na kinachemshwa muda mrefu, na ni lazima iwe hivyo kwa sababu majani ya muhogo mabichi yana sumu ya sayanaidi, kisamvu cha haraka haraka usikile popote. Kuna siku ya maini ya ng'ombe, rosti na pilipili hoho, hapo foleni inafika barabarani. Maini yana chuma na B12 kuliko karibu kila kitu kwenye menyu yake ila wajawazito hapa nawaomba mkae makini, maini yana vitamini A nyingi sana ya ile aina inayokaa mwilini, ikizidi sio salama kwa mtoto tumboni, kwaiyo sio chakula cha kila wiki kwenu, ulizeni kliniki kwanza. Jumamosi makande. Asubuhi kuna uji wa ulezi na viazi lishe vya kuchemsha.

Viazi lishe ni vile viazi vitamu vyenye rangi ya chungwa ndani. Rangi ile ndo vitamini A ya mimea, na hii haina shida ile ya maini, mwili unachukua kadri unavyohitaji. Wanasayansi waliofanya kazi ya kuvisambaza hivi viazi Afrika, akiwemo Robert Mwanga wa Uganda, walipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 2016, na hapa Buguruni unavipata kwa mia tano kipande kizuri, vya moto, vinanyunyizwa chumvi kidogo. Mimi nilikuwa nanunua maandazi matatu na chai asubuhi, saivi ni kiazi na uji. Njaa hainiumi mpaka saa saba, na ule usingizi wa saa nne nikiwa kwenye cherehani umepungua sana.

Uji wa ulezi uandikwe peke yake. Wamama wenye miaka 45 kwenda juu mnisikilize hapa. Hedhi ikianza kukata homoni ya estrojeni inashuka na mifupa inaanza kupoteza kalsiamu kwa kasi, ndo unakuta mama ameteleza bafuni kidogo tu nyonga imevunjika. Tunahitaji kalsiamu miligramu 1000 kwa siku, ukipita miaka 50 inakuwa 1200. Glasi ya maziwa ina kama 300. Ulezi, gramu 100 za unga, una zaidi ya 300, hakuna nafaka tunayopika hapa inayoukaribia, sio mahindi sio mchele. Changanya uji wa ulezi na maziwa asubuhi, dagaa mchana, mchicha, hapo umefika mbali bila kidonge. Na kama unga umechachushwa kidogo, yani uji wa kuchacha ule wa bibi zetu, madini yananyonywa vizuri zaidi kwa sababu ile phaiteti inapungua. Mama lishe wangu anauchachusha usiku kucha kwenye chombo chenye mfuniko, una uchachu fulani hivi mtamu, wengine wanaongeza sukari vijiko vinne, mimi naongeza hakuna.

Kasoro zipo na nazisema kwa upendo. Ya kwanza wali. Mlima wa wali, mchicha kijiko. Usipoongea utapewa hivyo hivyo kwa sababu wateja wengi wanataka kushiba wali, ila ukimwambia mama punguza wali niongezee mboga anakufanyia na hela haiongezeki, kwaiyo ongea. Ya pili chumvi, kuna siku rosti ya dagaa inakuwa na chumvi kali, na anatumia vile viungo vya paketi ambavyo vina chumvi nyingi tayari halafu anaongeza chumvi ya kawaida. Presha kwa wanawake wa umri wake na wajawazito ni kitu cha kuogopa, nimemwambia, amekubali kupunguza, saivi iko afadhali ila bado. Chumvi yenyewe ni ya madini joto, anaifunika na anaitia mwishoni, hapo yuko sawa. Ya tatu, hana mayai wala maziwa mgando mchana, anasema yanamharibikia kwa sababu hana friji, naelewa, lakini yai moja la kuchemsha la mia nne au tano kwenye ile sahani lingekuwa jambo kubwa hasa kwa mabinti wa shule wanaopita pale mchana na hela ya chipsi kavu. Ya nne, ukibeba anakuwekea kwenye mifuko ya nailoni laini chakula kikiwa cha moto kabisa, hiyo siipendi hata kidogo, beba hotpoti yako au kontena.

Mnaoniuliza mara kwa mara kuhusu vyakula vya kusafisha kizazi na kuyeyusha uvimbe, nijibu hapa hapa maana kuna mtu aliuliza hadi pale mezani. Hakuna mboga inayosafisha kizazi, kizazi kinajisafisha chenyewe kila mwezi. Fibroidi, yani huo uvimbe wa kwenye kizazi, haziyeyuki kwa juisi. Ukiona unabadilisha pedi kila lisaa, hedhi inapita siku saba, inatoka mabonge makubwa, hapo unaweza kula dagaa gunia zima na damu ikaendelea kushuka, nenda hospitali wakupige ultrasaundi. Maji ya bamia nayo, yale yanayosifiwa kuondoa ukavu ukeni, bamia ni mboga nzuri sana, ina folate na nyuzinyuzi, tumbo linaenda vizuri, pika bamia na nyanya chungu ule na ugali, ila ukavu una sababu zake, kunyonyesha, dawa fulani, homoni kushuka ukikaribia kukoma hedhi, na vyote hivyo vina watu wa kukusaidia kliniki bila kukuuzia chupa.

Waliojifungua juzi, pale kwake ukimpa taarifa siku moja kabla anapika mtori. Yeye ni mtu wa Kilimanjaro kwa mama, ndizi zimepondwa laini na nyama ya mifupa, unashuka kooni wenyewe, na anaupeleka mpaka nyumbani kama ni karibu. Mama anayenyonyesha anahitaji kula zaidi hata ya alipokuwa na mimba na kunywa maji ya kutosha, sasa mtu ana kichanga, hajalala, nani atasimama kupika? Dada yangu mkubwa alijifungua na huo mtori ulikuwa unafika saa nne asubuhi wa moto kwenye hotpoti, na mchicha umekatwa humo humo ndani. Elfu nne bakuli kubwa. Kama una shoga kajifungua badala ya kupeleka soda na keki changeni mumlipie mtori wa wiki.

Bei kwa kumalizia maana najua mtauliza. Wali maharage mchicha elfu mbili, ukiongeza dagaa elfu mbili na mia tano, dagaa wa Kigoma elfu tatu, maini elfu tatu na mia tano. Uji mia tano kikombe. Lipa namba ipo. Anafungua saa kumi na mbili asubuhi kwa uji na viazi, chakula cha mchana kinaanza saa sita, saa nane kasoro mchicha umeisha kabisa na hapiki mwingine wa jioni kwa sababu anasema mboga ya kulala hauzi. Jumapili hayupo. Nampa nyota nne kati ya tano, ile ya tano naishikilia mpaka chumvi ipungue na mayai yaje. Ukienda mwambie umetumwa na fundi cherehani, akukatie ndimu mbili.